Mstari Niliofuta

Ami yangu ana duka la vipuri vya tuktuk pale Makupa. Mwaka jana alitaka duka lionekane kwenye intaneti, manake wateja wengi siku hizi huuliza bei kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Akaniita mimi. Kwetu mimi ndiye "aliyesoma kompyuta", ingawa chuo nilikiacha kabla sijamaliza. Sifa yote hiyo inatokana na somo moja la mwaka wa kwanza, la utangulizi wa intaneti na uundaji wa kurasa za tovuti.

Kazi ya ami niliimaliza kwa siku mbili. Ukweli ni kwamba sikuanza na ukurasa mtupu. Nilichukua kiolezo cha bure kilichotengenezwa na mtu nisiyemjua, nikabadilisha rangi, nikatia picha za betri, tairi na waya za breki, nikaandika saa za kufungua na namba ya simu ya duka. Juu kabisa ya faili kulikuwa na mstari wa maelezo, ile aina ambayo kivinjari hakimwonyeshi msomaji. Ulitaja jina la mtengenezaji, anwani ya ukurasa wake na leseni yake, leseni ya MIT, ambayo ni fupi na ya ukarimu: tumia, badilisha, hata uza ukitaka, ila tangazo la mwenyewe libaki katika kila nakala. Nikaufuta. Mahali pake nikaandika jina langu. Ami akanilipa, akaniombea dua, akawaonyesha majirani.

Je, niliiba?

Kisheria jibu si gumu, nilivunja sharti la leseni. Lakini sheria siyo iliyokuwa ikinisumbua. Hakuna mtu atakayepanda ndege kuja Makupa kunishtaki kwa mstari mmoja. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza kumwona aliyeumia. Kitu kilitolewa bure. Mwenyewe bado anacho, hakikupungua hata herufi. Ami alipata alichotaka. Sasa kosa liko wapi?

Nirudi darasani kidogo, kwa sababu swali hili lilianzia huko. Tulikuwa wengi kuliko kompyuta, kwa hivyo tulikaa wawili wawili, wakati mwingine watatu. Wiki za kwanza mwalimu hakutuandikisha msimbo kabisa. Alitaka kwanza tujue ukurasa unafikaje. Akatuambia kebo ya TEAMS ilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, ikiunganisha pwani yetu na Fujairah, na SEACOM nayo ikaanza kazi mwaka huo huo. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, polepole na kwa bei ghali. Kisha akatueleza pakiti. Ukurasa hausafiri mzima, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani mbili: kinakokwenda na kinakotoka. Mwenzetu mmoja akauliza, anwani ya kinakotoka ni ya nini ikiwa mzigo umeshafika? Mwalimu akamjibu kwa swali: "Na jibu litarudi wapi?" Tukacheka, tukaandika kwenye daftari, tukasahau.

Baadaye akatufundisha jambo lililonifanya nilipende somo lile. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuona chanzo cha ukurasa, na HTML yake iko mbele ya macho yako, iwe ya gazeti, ya benki au ya serikali. Ni kama mpishi wa biriani akuletee sahani pamoja na karatasi ya mapishi, bila kukuuliza unaitakia nini. Na hii haikuwa bahati mbaya. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN kule Uswisi, alitengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990 kikiwa na uwezo wa kusoma na wa kuandika pia. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikatangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, yeyote atumie bila malipo. Watu wengi mno walijifunza kazi hii kwa kuchungulia chanzo cha wenzao, kunakili, kuharibu na kurekebisha.

Kisha ikaja kazi ya kwanza ya alama. Juu ya karatasi pameandikwa: atakayenakili atapata sifuri. Tukatazamana. Si jana tu tumefundishwa kuchungulia?

Mimi sikuwa na laptopu, na saiba nilikwenda siku nikiwa na pesa. Dada mmoja wa Kisauni, tuliyekuwa tunakaa pamoja kwenye kompyuta moja, akanipa flashi yake. Akaniambia, "Tazama nilivyofanya mimi, halafu ufanye yako." Sikufanya yangu. Nilibadilisha kichwa, rangi na jina, nikapeleka. Sasa yeye, kwa haraka, alikuwa ameipa sehemu moja ya ukurasa wake jina "karbiu" badala ya "karibu". Kosa lile halikuonekana kwenye skrini, liko ndani ya chanzo tu. Na kwangu pia lilikuwepo, "karbiu" ile ile. Mwalimu akatuita mbele. "Nani aliandika na nani alinakili?"

Nikanyamaza. Yeye akaniangalia, akingoja niseme, nami nikaangalia sakafu. Mwisho naye akanyamaza. Tukapewa sifuri wote wawili.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja moja, na hata leo siioni kuwa ya kipuuzi. Kwenye intaneti hakuna kusoma bila kunakili. Ukifungua ukurasa wowote, seva hukutumia nakala, na ile unayoisoma iko ndani ya simu yako. Kama kunakili kwenyewe ni dhambi, basi kila aliyefungua simu leo asubuhi ametenda dhambi kabla ya chai. Na si intaneti tu. Mwanagenzi wa cherehani hukaa ubavuni mwa fundi, hutazama mkono, kisha hukata kanzu ile ile kwa mkato ule ule. Hakuna anayemwita mwizi, watu husema anajifunza.

Nakubali hoja hiyo hadi leo. Lakini hainitetei mimi. Mtihani ulikuwa unauliza, wewe unajua nini? Nami nikajibu kwa ujuzi wa mtu mwingine. Ule ulikuwa uongo, hata kabla hatujafika kwenye wizi. Uongo wa pili ulikuwa kimya changu, nao ndio ulioumiza mtu.

Kwa ami mambo ni tofauti kidogo. Yeye hakunipa mtihani. Alitaka ukurasa, akapata ukurasa. Fundi wa seremala hakuambii msumari umetoka kiwanda gani, kwa hivyo kwa nini mimi nitaje? Kuna na hoja nzito zaidi, niliyoambiwa na rafiki yangu tukinywa kahawa. Sadaka bora, alisema, ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Kama huyo bwana ametoa kwa moyo safi, jina analitakia nini? Kama anataka jina, basi hakutoa, ameuza, na bei yake ni sifa.

Hoja hiyo ilinikalia siku kadhaa. Naona inachanganya watu wawili. Mtoaji ana haki ya kulificha jina lake mwenyewe, na pengine akilificha atapata thawabu zaidi. Lakini mimi niliyepokea sina haki ya kumficha yeye. Ukisaidiwa na jirani akakwambia "usimwambie mtu", utanyamaza kwa kumheshimu. Akikuomba umtaje, nawe ukasema "nilijifanyia mwenyewe", hapo hujalinda siri ya mtu.

Bado swali la mwanzo limebaki. Nani aliumia? Jibu halikutoka kwenye kufikiri kwangu. Lilitoka kwa binti wa ami, ambaye bado yuko sekondari. Siku moja alikuwa dukani baada ya shule, akafungua ukurasa wa babake kwenye kompyuta, akachungulia chanzo. Hakuna aliyemfundisha, alibonyeza tu akaona. Nilipopita kuwasalimia akaniita.

"Kaka, hii menyu umefanyaje ikajikunja kwenye simu, lakini kwenye kompyuta ikakaa wazi?"

Nikaangalia. Sikujua. Nilikuwa nimeiacha kama nilivyoikuta. Nikamwambia eti ni mambo marefu, atayaelewa akifika chuo. Akaniamini. Akafunga ukurasa, akaendelea na kazi yake ya hesabati.

Usiku ule sikulala vizuri. Mstari niliofuta ulikuwa na anwani, na kwenye anwani ile mtengenezaji ameeleza kila sehemu ya kiolezo chake hatua kwa hatua, menyu ile ikiwemo. Lau ningeuacha, mtoto yule angebonyeza, angesoma, angejua kabla ya magharibi. Badala yake alifika kwenye jina langu, na jina langu halikuwa na kitu nyuma yake. Nilikuwa nimeziba njia, nikasimama mlangoni nikijifanya ndimi mwenye nyumba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina nililolifuta halikuwa malipo, wala halikuwa sifa. Lilikuwa njia ya kurudia kwa aliyejua. Na hili sisi watu wa Mombasa tulipaswa kulijua kabla ya kompyuta. Aliyekaa kwenye darsa za msikitini anajua kwamba hadithi haipokelewi hivi hivi. Inataka isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Majina yale hayasomwi ili waliotajwa wasifiwe. Yanasomwa ili msikilizaji aweze kwenda kuhakikisha.

Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakutufikia kwa kuchapishwa akiwa hai. Yalinakiliwa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyaandika, akifanya kazi pamoja na mmishonari William Taylor, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya malenga mwenyewe kuzikwa. Bila ya mnakili tusingekuwa na Muyaka huyu tunayemjua. Basi mtu asiniambie kunakili ni uovu. Lakini fikiria Sikujua angeyaandika yote yale, kisha juu yake atie jina lake. Beti zingekuwa zile zile na vina vile vile. Ila sisi tungempoteza mtu, na mji wake, na ugomvi wake wa siasa na Zanzibar, na sababu ya maneno yale kusemwa.

Hata kanga inajua jambo hili. Ukienda Biashara Street, kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, kanga zao zina alama ndogo iliyochapwa pamoja na nakshi: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mama zetu wamejifunga jina la Abdulla miaka yote hiyo, na hakuna aliyeona amepungukiwa. Kanga ni yake aliyeinunua. Alama inakwambia tu imetoka wapi, ukitaka nyingine kama hiyo.

Asubuhi nilirudi Makupa nikamweleza ami. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwa hivyo mimi nlikulipa kwa kazi ya mtu mwingine?"

"Si yote, ami. Picha, maelezo, bei, kupanga mambo yaonekane kwa simu ndogo, hiyo ni yangu. Nyumba ilikuwa imeshajengwa. Mimi nimepaka rangi na kuhamisha vyombo."

"Na mbona hukunambia?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikasema nilitaka mnione najua. Akatazama mtaani kidogo, tuktuk zikipita. Kisha akauliza kama wateja wataliona jina la huyo mtu. Nikamwambia hapana, ataliona anayechungulia tu. "Basi litie," akasema. "Na pesa tutazungumza." Pesa tumezungumza. Nusu inakatwa kidogo kidogo kwa kazi ndogo ninazomfanyia dukani, nami sioni kwamba ameniuma.

Mstari umerudi mahali pake, jina na anwani kama ulivyokuwa. Chini yake nimeongeza wa pili, unaosema ni nini nilichobadilisha mimi, na wapi. Binti wa ami ameshausoma. Juzi alinieleza menyu inavyojikunja, taratibu, kama mwalimu na mwanafunzi mzito, na safari hii nilielewa.

Limebaki lile la darasani. Sifuri ile haifutiki, na mwalimu wetu pengine hakumbuki hata sura zetu. Lakini mimi nakumbuka swali lake, na nakumbuka dada yule alivyoniangalia akingoja. Wiki iliyopita niliitafuta namba yake kwa watu watatu hadi nikaipata. Nikaandika ujumbe mfupi: wewe ndiye uliyeandika, mimi ndimi niliyenakili, na nilipaswa kusema siku ile, mbele ya watu. Sikumwomba anisamehe, kwa sababu kuomba hivyo kungekuwa kumpa kazi nyingine juu ya ile niliyokwisha kumchukulia. Nikamalizia kwa jina langu kamili, ajue ujumbe umetoka kwa nani na pa kulirudisha jibu, akitaka kujibu. Bado hajajibu.