Jasho la Aliye Mbali

Wazee walisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Methali ni fupi, lakini swali lililo ndani yake ni refu: je, ni aibu kula jasho la ndugu aliye mbali? Na kama si aibu, alaye anadaiwa nini?

Swali hili ni la zamani katika Bonde la Ufa. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na baada yake walowezi wakapewa mashamba makubwa. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba, nayo ilitaka fedha. Basi vijana wengi wa Nyanza na Magharibi waliacha makwao wakaja kulima mahindi, kukama ng'ombe na kuchuma pareto kwa ujira mdogo. Kilichosalia kilirudi nyumbani kwa mkono wa msafiri au kwa njia ya posta. Leo mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha hutuma kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, na kabla jua halijatua mama yake aliye Kakamega amekwisha kununua unga. Na Nakuru, iliyokuwa ugenini kwa wengine, sasa ni nyumbani ambako watoto huondoka kwenda Saudi Arabia, Uingereza na Marekani.

Fedha hizi si kidogo. Kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, zilizotoka nchi za nje mwaka wa 2023 zilizidi dola za Marekani 4,000,000,000, zikapita mapato ya chai tuuzayo ng'ambo. Kwa dola hizo nchi hulipia mafuta na mitambo; na nyumbani hulipa karo, dawa na mabati, hata fundi na mwenye duka wakapata riziki.

Wako wasemao kwamba fedha hizi huliwa tu, hazijengi kitu. Hawakusema kweli yote, kwa maana mtoto aliyesomeshwa si kitu kilicholiwa. Lakini yafaa tukiri mipaka yake. Fedha hizi hupandisha bei ya viwanja, hata kijana aliyebaki akashindwa kununua ardhi alikozaliwa. Tena huingia nyumba moja moja: huweza kuezeka paa la mtu, lakini hazijengi daraja la kijiji wala hazishiki nafasi ya serikali. Nyumba isiyo na mtu ng'ambo huambulia makombo.

Turudi kwenye methali. Haikemei kupokea, hukemea kutegemea. Mama mzee apokeapo kwa mwanawe hapokei sadaka, bali deni alilolikopesha kwa kulea. Lakini kijana mwenye nguvu akaaye akingoja mwisho wa mwezi, huku shamba la baba likiota magugu, huyo ndiye aliyeonywa. Fedha apelekewazo ni amana. Anadaiwa kuongeza kazi yake juu yake, na kutoa hesabu ya kweli. Adanganyaye kwamba kuna mgonjwa ili atumiwe zaidi haibi shilingi tu. Huiba siku za maisha ya mwenziwe. Mtumaji naye asizifanye fedha zake kamba ya kuwafunga watu wa nyumbani.

Taifa nalo hula jasho hili. Imeripotiwa mara nyingi kwamba baadhi ya wasichana wetu wafanyao kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba hunyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara. Nchi ihesabuyo dola zao kila mwezi bila kuuliza wanaishije haina tofauti na yule kijana akaaye akingoja. Basi, msomaji, siku simu itakapolia na fedha kuingia, uliza kwanza hali ya aliyezituma. Kiasi utakiona baadaye.