MSAFIRI NA CHUPA YAKE
Fundisho juu ya Kumbukumbu la Torati 14:22–29



Mwezi huu tumechagua neno lisilohubiriwa mara nyingi makanisani mwetu, labda kwa sababu wahubiri wanaliogopa. Katika sura hii Musa anawafundisha Waisraeli habari ya zaka. Kila mwaka walipaswa kutenga sehemu ya kumi ya nafaka, ya divai na ya mafuta, na kuipeleka mpaka mahali atakapopachagua Mungu, wakaile huko mbele zake. Lakini mtu akaaye mbali, asiyeweza kuchukua mizigo mizito katika njia ndefu, afanyeje? Musa anajibu kwamba auze vitu vyake, aifunge fedha mkononi, asafiri. Naye akiisha kufika, anunue kila kitu ambacho moyo wake unakitamani. Anataja ng'ombe, anataja kondoo, kisha anataja divai na hata kileo. Ndipo ale na kufurahi, yeye na nyumba yake.

Basi, tazameni: hapa yuko msafiri katika mji wa ugenini, ana fedha mkononi, anatafuta kinywaji kizuri cha kununua, wala Torati haimkemei. Wako watu wanaolishika neno hili kwa shangwe na kufunga Biblia papo hapo. Wako na wengine wanaolificha, wasije wakawakwaza vijana. Sisi twasema: lisomwe lote mpaka mwisho wake, nalo litatufundisha lenyewe.

Yatupasa kwanza kujua kwamba kileo cha Waisraeli hakikuwa sawasawa na mvinyo mkali wa siku hizi. Kilikuwa kinywaji kilichochachuka, kwa namna ya pombe yetu ya ulezi, ile kimpumu inayonywewa kwa mirija. Wiski, konyaki na jini hupatikana kwa kukeneka, yaani kinywaji kilichochachuka huchemshwa, na mvuke wake hukusanywa hata uwe maji tena, yenye nguvu nyingi kuliko kwanza. Katika chupa ya wiski sehemu 40 za 100 au zaidi ni kileo kitupu. Kwa hiyo mtu asilichukue andiko hili kuwa ruhusa ya kumimina wiski kama maji.

Sasa na tuangalie mambo yetu wenyewe. Sisi wa pande hizi tu watu wa njia. Mto Songwe ni mpaka wetu na Malawi, na kwa Kasumulu watu hupita kila siku kwenda Karonga na Mzuzu. Vijana wengine hushuka mpaka Johannesburg kutafuta kazi. Wafanya biashara hufika Dar es Salaam, na wengine hupanda ndege mpaka Dubai. Arudipo msafiri, ndugu humtazama mkononi. Katika nyumba nyingi siku hizi kinachotazamiwa ni chupa. Wala haitoshi kuwa chupa yo yote, bali ile ya ng'ambo, yenye sanduku lake na hesabu ya miaka juu yake, ipate kusimama mezani siku ya arusi, watu waione.

Heshima hii ya chupa ina mizizi yake. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakapatana kuizuia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini. Mwaka 1919 yalifanya mapatano mengine ya namna hiyo huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Nchi yetu ilikuwa ndani ya mipaka ile. Na katika siku za utawala wa Waingereza sheria ilimzuia Mwafrika wa Tanganyika asinywe wiski na jini, huku Mzungu akinywa barazani mwake. Katazo lile huenda liliokoa miili ya watu wengi. Walakini liliwapima watu kwa rangi, na hivyo likafundisha kosa moja kubwa, kwamba chupa ile ni alama ya ukubwa. Sheria imekwisha zamani. Mafundisho yake yamebaki mioyoni. Mtu aiwekapo chupa ya Scotland mezani pake, mara nyingi kiu aliyo nayo ni kiu ya heshima.

Nasi tunaoandika haya hatuko nje ya hukumu hii. Yafaa tuseme kosa letu wenyewe kabla ya kusema makosa ya wengine.

Miaka kadha iliyopita tulialikwa Ujerumani pamoja na wenzetu, kuzuru sharika rafiki. Kabla ya kuondoka, shemeji yetu alitujia akasema, “Shemeji, binti yangu anaolewa. Msiniletee nguo. Nileteeni wiski ya kweli, maana hapa mtu hawezi kuwa na hakika ya kile anachouziwa.” Jioni ile ile mjane mmoja mzee wa usharika wetu alisimama mlangoni. Akasema kwamba macho yake hayaoni tena herufi za Biblia, na kama huko tuendako miwani ya kusomea hupatikana kwa urahisi, tumkumbuke. Tuliwajibu wote wawili, “Ndiyo.”

Siku ya kurudi tulikuwa na saa tatu za kungoja katika kiwanja cha ndege. Tukaingia katika duka lisilotoza ushuru, tukasimama mbele ya chupa zilizopangwa kama askari. Mwuzaji alikuwa mtu wa adabu, akatufundisha mengi. Alisema kwamba wiski ya Scotland, kwa sheria ya huko, sharti ilale katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Kwamba hesabu ya 12 au 18 iliyoandikwa juu ya chupa ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Na kwamba ikiisha kutiwa katika chupa haizidi kukomaa, hata ikiwekwa kabatini miaka mingi. Tulipendezwa na maarifa hayo. Tukalinganisha hii na ile, tukahesabu fedha zetu, tukaenda, tukarudi. Saa nzima ikapita, nasi tukachagua ile ya miaka 18. Duka la miwani lilikuwa mkabala wa lile la vinywaji. Tulilipita tukikimbilia ndege.

Siku ya arusi chupa ilifunguliwa katika meza kuu. Wanaume wanne walikunywa, na wawili kati yao waliichanganya na soda, hata ile miaka 18 ya mapipani isijulikane kabisa. Sanduku tupu likawekwa kabatini kwa shemeji, nalo liko huko hata leo. Yule mjane alikuwa uani, akiosha masufuria pamoja na akina mama. Alipotuona alifuta mikono yake akaja kutusalimu. Tulingoja atuulize habari ya miwani. Hakuuliza. Alisema tu, “Ndaga fijo, baba, kwamba mmerudi salama.” Kisha akarudi kwenye masufuria.

Ndugu, hatujapata kuhubiriwa kwa nguvu kama siku ile. Miwani tuliinunua Mbeya majuma mawili baadaye, kwa fedha kidogo sana. Tulipompelekea alishukuru kana kwamba hatukuchelewa.

Ndipo tulipoifungua tena sura hii, tukaona kwamba maneno ya msafiri hayaishi penye kileo. Mara tu baada ya furaha ya nyumba yake, Musa anamtaja Mlawi aliye ndani ya malango, asiye na shamba wala urithi, kwamba asiachwe. Na katika zaka ya mwaka wa tatu anawataja pamoja naye mgeni, yatima na mjane, wapate kula na kushiba. Torati haimwulizi msafiri kinywaji chake kina umri gani. Yataka kujua ni nani aliyeketi naye mezani, na ni nani aliyesahauliwa malangoni. Haya ndiyo tunayotaka mwezi huu yakae mioyoni mwenu. Nasi tunayagawanya katika sehemu tatu.

Kwanza, msafiri anunue na kuingiza kwa haki. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita 1 ya pombe kali, au lita 2 za divai, bila ushuru. Kinachozidi hapo hutajwa mbele ya mwenye forodha na kulipiwa. Mkristo apitishaye makasha kwa mtumbwi usiku katika mto Songwe, kisha Jumapili akatoa sadaka kwa faida yake, asidhani kwamba sadaka imeyasafisha makasha. Tena aangalie sheria za wenyeji wake: huko Saudi Arabia mgeni anayeingia na chupa katika mizigo yake huvunja sheria ya nchi, na ukristo wake si udhuru. Na ajihadhari na wadanganyifu. Chupa yenye jina kubwa huweza kujazwa kitu kingine na kufungwa upya. Na pombe iliyochanganywa na methanoli hupofusha macho na kuua. Tunakumbuka pia jinsi serikali yetu ilivyopiga marufuku pombe za viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu zilikuwa zikiwaangamiza vijana. Lakini asijisifu mwenye chupa ya kioo juu ya mwenye kiroba. Kileo kilichomo hakijui kama kimelala pipani au mfukoni.

Pili, msafiri amkumbuke ndugu aliye dhaifu. Mtume Paulo, katika sura ya kumi na nne ya waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba ni vema kuiacha nyama na divai kama vinamkwaza ndugu. Wako kwetu watu walioacha ulevi kwa machozi mengi na kwa maombi ya wake zao. Mtu wa namna hii akipewa chupa ya zawadi, hata iwe ya thamani namna gani, amepewa nyoka aliyefungwa katika karatasi nzuri. Ukiwa na mashaka juu ya nyumba unayoipelekea, usipeleke. Sukari, kitambaa na kitabu havijapata kumwangusha mtu njiani.

Tatu, msafiri aangalie meza yake. Daktari Martin Luther hakuwa adui wa kinywaji. Mwaka 1534, akiwa safarini huko Dessau, alimwandikia mkewe Katharina kwamba kinywaji cha huko hakikumpendeza, akakumbuka divai na bia ya nyumbani, akataka apelekewe. Lakini Luther huyo huyo, mwaka 1539, alihubiri kwa ukali juu ya ulevi wa Wajerumani wenzake, akilifafanua neno la Petro la kuwa na kiasi na kukesha katika sala. Aliyashika yote mawili: zawadi ya Mungu ipokelewe kwa shukrani, na moyo usilemewe hata ushindwe kuomba. Nasi tujipime kwa neno hilo. Baada ya karamu yetu, je, twaweza kupiga magoti na nyumba yetu na kuomba? Na fedha tuliyoitumia katika chupa moja, je, twaweza kuitaja waziwazi mbele ya mtoto aliyerudishwa kutoka shule kwa kukosa daftari?

Hatusemi kwamba kila msafiri aliyenunua chupa ametenda dhambi. Torati yenyewe ingetupinga. Twasema kwamba kabla hajaingia dukani aifungue mkono ile fedha iliyofungwa, ahesabu kwanza fungu la Mlawi na la mjane, na kile kinachobaki akitumie kwa furaha na kwa kiasi. Akifanya hivyo, mara nyingi ataona kwamba chupa ndogo inatosha, au kwamba haihitajiki kabisa.

Na iko meza moja ambayo chupa zetu zote haziwezi kuipita kwa thamani. Nabii Isaya, katika sura ya hamsini na tano, anawaita wenye kiu waje wanunue divai na maziwa pasipo fedha. Bwana wetu ameilipa bei ile kwa damu yake. Jumapili iliyofuata baada ya arusi ile tulikuwa na Chakula cha Bwana. Shemeji yetu alipiga magoti mbele ya madhabahu, na kando yake alipiga magoti yule mjane. Hapakuwa na meza kuu, wala hapakuwa na uani. Kikombe kilikuwa kimoja, nao walikunywa wote wawili.

Na tuombe. Bwana Mungu, uliyetupa miguu ya kusafiri na mikono ya kununua, utulinde njiani, utufundishe kiasi, wala usituache tumsahau yeye asimamaye mlangoni petu jioni. Utusamehe tuliyoyapita tukikimbia. Utukusanye sote katika meza yako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.