Kumlinda Mtoto kwa Mali ya Umma

Liko suali ambalo watu wa miji yetu huulizana, nalo ni hili: Je, ni haki mali ya umma itumiwe kwa mtoto mdogo ambaye hajaonja ulevi wala hajapatwa na maradhi ya akili, na hali wagonjwa wamejaa mlangoni?

Tuitazame mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mama wa Majengo, Pumwani, hutoka alfajiri kwenda kuuza katika soko la Gikomba, na mtoto humwacha katika nyumba ya kulelea, ambamo mlezi mmoja ana wengi wa kuwaangalia. Nje kuna chang'aa na bangi, na watoto wa barabarani wenye chupa za gundi puani. Ama hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, humpokea mtu akiwa kwisha kuumwa.

Wako wasemao kuwa mzazi ndiye mchunga, serikali haihusiki. Neno hili ni nusu ya haki. Mzazi ni mchunga, na mtawala ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa. Wala jukumu la huyu halimwondolei yule lake.

Imepokewa katika tarehe kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa amempangia mtoto fungu katika Beitulmali baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akamsikia mtoto akilia, kisha akajua kuwa mamake anamwachisha kabla ya wakati ili alipate fungu lile. Alipoijua sababu, lawama aliielekeza kwake mwenyewe, akaamrisha fungu lianze tangu kuzaliwa. Basi tuzingatie: hazina yenye kuchelewa humdhuru mtoto hata ikiwa nia yake ni njema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti huduma za afya, masomo ya chekechea na udhibiti wa madawa ya kulevya. Yote matatu yamo katika mkono mmoja, udhuru umeondoka.

Hatusemi mgonjwa anyimwe dawa. Twasema fungu la kinga litengwe: mlezi afundishwe, mtoto alishwe, na mama aliyelemewa na huzuni asikilizwe. Kwani aliyelelewa kwa utulivu huwa na nguvu zaidi ya kujizuia akikua.

Nasi wa Mombasa, Malindi na Lamu tusidhani haya ni ya bara tu; vijana wetu twawajua. Kaunti hutakiwa kusikiliza raia kabla ya kupitisha bajeti. Basi twendeni tukaseme, kwani anyamazaye naye ana sehemu yake katika hasara. Udongo uwahi ungali maji.

Wabillahi tawfiq.