Alama Ndogo Kabla ya Herufi

Ukisafiri kutoka Arua kwenda Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, safari isiyofika kilomita 60 za lami, unasoma njia nzima. Unasoma ukuta wa kinyozi, mlango wa bati wa duka la dawa, kibao cha kanisa, lango la msikiti, ubao wa nyuma wa lori linaloelekea mpakani Oraba. Kiingereza, Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili, Kiarabu cha msikitini, Kilingala kilichovuka kutoka Kongo: zote hizi hupita katika brashi ya fundi yuleyule. Nimezitazama herufi hizo kwa muda mrefu, polepole, jinsi mtu anavyomsikiliza mzee. Kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoamini kwamba kuandika jina la mwenzako kwa mkono, ukalitimiza, ni kazi iliyo jirani sana na ibada.

Fundi wa vibao huanza na kamba. Huipaka chaki, huivuta kutoka pembe hadi pembe ya ukuta, huinyanyua na kuiachia, na mstari mnyoofu hubaki. Kisha huja penseli. Huhesabu herufi za jina, hutafuta ya katikati, hupima nafasi. Jina refu atalibana, jina fupi atalitandaza. Ukuta usiopigwa lipu humlazimisha kunenepesha mistari, na bati lenye migongo hutaka brashi itulie mahali ambapo mkono ungependa kukimbia. Kila mara hurudi nyuma, huvuka barabara, hutazama kwa macho ya mpita njia aliye juu ya bodaboda. Anapofungua kopo la rangi, herufi imeshazaliwa. Imezaliwa na brashi bapa, ukuta, umbali wa msomaji, na jina la mtu mwingine.

Hilo la mwisho hunituliza. Kwa siku nzima mkono wa fundi huwa mali ya majina yasiyo yake. Leo mwenye duka, kesho kwaya, kesho kutwa marehemu ambaye jamaa zake wanataka msalaba wake uandikwe vizuri. Na jina lake mwenyewe, akiliandika, huliweka pembeni chini, dogo, pamoja na namba ya simu.

Alikuwako padre mmoja nchini Marekani, Edward Catich, ambaye ujanani aliandika vibao. Alitumia miaka mingi kuzichunguza herufi zilizochongwa chini ya Nguzo ya Trajan mjini Roma, kazi ya mwaka 113. Wengi waliamini kwamba vile viguu vidogo kwenye ncha za herufi za Kirumi vilitokana na patasi ya mchonga mawe. Catich aliijua brashi kwa mkono wake, akaona mengine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1968 alieleza kwamba herufi zile zilipakwa kwanza na mwandishi mwenye brashi bapa, ndipo mchongaji akafuata alama zake. Viguu ni mgeuko wa brashi inapoanza na inapotua. Mwaka 1989 Carol Twombly, wa kampuni ya Adobe, alizifanya herufi hizo kuwa fonti iitwayo Trajan, ambayo imepamba mabango ya filamu dunia nzima. Jina la mfalme Trajan twalijua. Aliyeliandika hatumjui, lakini kifundo cha mkono wake kingali kinageuka mbele ya macho yetu. Fundi wa Koboko anapotua brashi mwishoni mwa herufi, anashiriki ukoo huo, hata kama hajawahi kuusikia.

Lakini kuna jambo la hapa kwetu ambalo Roma haikulijua. Katika Kilugbara na Kikakwa zipo sauti za b na d ambazo pumzi yake huvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Waswahili wa pwani nao huzitamka hivyo b na d zao, ila hawana haja ya kuziandika tofauti, kwa kuwa hawana nyingine za kushindana nazo. Hapa zipo za aina mbili, na sauti ikibadilika neno hubadilika. Kihausa kilichagua herufi zenye ndoano. Huku West Nile watu wamezoea alama ndogo juu, kabla ya herufi: 'b, 'd. Ndiyo alama iliyo katikati ya jina Ma'di.

Mwaka 1928 wamisionari na wataalamu wa lugha walikutana Rejaf, kando ya Nili, upande ambao leo ni Sudan Kusini, wakakubaliana namna ya kuandika Kibari, ndugu wa Kikakwa, pamoja na lugha nyingine. Tangu kizazi hicho hadi leo, alama ndogo za namna hii zimeishi maisha ya hatari. Kompyuta nyingi huihesabu hii yetu kama alama ya uakifishaji, wala si sehemu ya neno. Simu huigeuza ikatazama upande usio wake, ikidhani mtu anafungua nukuu. Wenye haraka huiacha. Fundi mwenye brashi hana kifaa cha kumwamulia. Lazima asimame na aamue: naiweka au naiacha? Akiiweka, anatoa tone la rangi kwa ajili ya pumzi ambayo haionekani.

Mtoto wa madrasa mjini Koboko hujifunza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Herufi ba ya Kiarabu ina nukta moja chini yake. Ukiiondoa nukta, linabaki umbo tupu lisilo na sauti ya hakika. Ukiipandisha juu, ni herufi nyingine. Masufi waliitafakari sana nukta hiyo, kwa sababu Bismillahi huanza na ba. Nami nikiwaza nukta ya msikitini na alama ya Kikakwa, naona fundisho moja likitolewa katika nyumba mbili: ukweli hukaa katika kitu kidogo ambacho mwenye haraka hukiona cha ziada.

Tazama pia herufi a mbili katika kibao kimoja cha mkono. Hazilingani. Ya pili imeinama kidogo, labda rangi ilikuwa imepungua, labda mtu alimsalimu fundi naye akaitikia. Mwenye kuswali hurudia maneno yaleyale kila siku, na mwenye kushika rozari vilevile, lakini hakuna sala iliyowahi kuwa nakala ya ile ya jana, maana aliyeiomba amebadilika. Herufi ya mkono hurudiwa namna hiyo.

Mashine inayochapa mabango ya plastiki imekwisha kufika, nayo ni riziki ya watu. Siiombei mabaya. Nchini India, mashine kama hizo zilipowanyang'anya waandika vibao kazi, Hanif Kureshi, aliyefariki mwaka 2024, aliwaomba waandike alfabeti nzima kwa brashi zao, kisha akazigeuza fonti. Kila fonti ilibeba jina la mwenye mkono: Painter Kafeel, Painter Umesh. Majina yaliyozoea kukaa pembeni chini yakapanda juu ya kazi.

Natamani hilo lifanyike Arua na Koboko, na alfabeti itakayokusanywa iwe nzima, pamoja na 'b na 'd zake, zikiwa zimechorwa kama herufi kamili. Tumezoea kusema, "Acha tu, wataelewa." Ni kweli, wataelewa. Lakini mwenye jina anastahili zaidi ya kueleweka. Ikiwa tunaamini kwamba Mungu anamjua kila mmoja wetu kwa jina lake, wala hamkisii, basi hatuna ruhusa ya kuandikana kwa kukisia.