Deni la binti

Wasichana wa kikundi chetu hapa Gisenyi wanampenda Jane Eyre, yule wa kitabu cha Charlotte Brontë cha 1847, kwa sababu alimkataa mchungaji aliyemwambia kuolewa naye ni wajibu. Nami nampenda. Ila tuseme ukweli: Jane alikuwa yatima, tena alikuwa amesharithi pauni 20,000. Hakuna aliyengoja mahari yake.

Kwetu Kongo, sheria ya 2016 ilifuta ruhusa ya mume ambayo mke aliihitaji ili aandikwe kazi. Ruhusa ya ukoo haijaandikwa popote, kwa hiyo haifutiki. Binti wa mkimbizi akikataa posa, kodi ya nyumba inabaki pale pale. Deni hilo nalikubali, ni la kweli. Lakini mbona kaka yake, anayekula naye sahani moja, hakuna anayemwambia alilipe kwa mwili wake?