Dalili Haimtaji Mkosaji

Mota ya hatua haijui ilipo. Hupokea mapigo ya umeme na kusogea hatua moja kwa kila pigo; ile ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa hatua 200. Programu huria ya Grbl, inayoendesha mashine zenye mota hizo na iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, huhesabu mapigo iliyoyatuma, na hesabu hiyo ndiyo inayoiita mahali pa mashine. Mota ikikwama njiani, programu haina habari: itaandika kwamba milimita 100 zimetimia huku rula ikisoma 97. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaounda printa za 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki wanaifahamu hali hii, na namna inavyotatuliwa inagusa swali zito la maadili: tukipatwa na baya, ni lini tunapata haki ya kusema limesababishwa na nani? Mwandoya, wilayani Meatu, na Usukumani kwa jumla, swali hilo lina damu ndani yake. Bibi vizee wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi kavu ya ng'ombe.

Tazama jinsi zile milimita tatu zinavyotafutwa. Fundi huagiza milimita 100, kisha 50. Akipata 97 na 48.5, upungufu unafuata uwiano, basi namba ya hatua kwa milimita haikuwekwa sawa. Upungufu ukibadilika ovyo kila safari, mwendo unapotea njiani. Hapo huchora mstari wa kalamu unaovuka puli na mhimili wake. Mstari ukikatika baada ya kazi, skrubu ya puli imelegea. Ukibaki mzima, hupunguza kasi ya kuanzia mwendo, na tatizo likiisha, mota ilikuwa inalazimishwa kupita nguvu zake. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwani akigusa viwili pamoja hatajua kipi kiliponya. Dalili ni ileile moja, visababishi ni vingi, na hakuna hata kimoja kinachosomeka usoni mwa dalili. Tena kila hatua ya uchunguzi huo yaweza kurudiwa na mtu mwingine, hata na yule aliyelaumiwa kuwa alifunga puli vibaya. Hoja yangu imesimama hapa: lawama huwa ya haki pale tu anayelaumiwa anapoweza kuipitia njia iliyomfikia. Ramli ya mganga anayemtaja mchawi haimpi nafasi hiyo.

Atakayepinga atasema ramli hujibu swali ambalo mashine haina. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 kuhusu Wazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini: walijua vizuri kwamba mchwa ndio walioila nguzo ya ghala, ila waliuliza kwa nini iliwaangukia hawa, saa ile. Ni swali halali, na aliyefiwa mtoto hakosei kuliuliza. Wala Wazande hawakuwa watu wasiopima. Jibu la ramli walilisoma kwa kuku aliyepewa sumu, afe au apone, kisha walimpa sumu kuku wa pili ili kuhakiki jibu la kuku wa kwanza. Kasoro ilikuwa kwamba jibu lilipopingana na jingine, kila mara palipatikana udhuru wa kuiokoa ramli yenyewe. Fundi naye huingia mtego huohuo anapoishutumu programu au bodi ya bei nafuu kabla ya kuichunguza skrubu. Rafiki zake Ayubu walifanya vivyo hivyo: waliona mateso, wakadai lazima ipo dhambi. Uchungu una haki ya kuuliza, lakini hauna mamlaka ya kuhukumu.

Pingamizi la pili ni kwamba msimbo ulio wazi, kama ule wa Grbl, haumsaidii asiyejua kuusoma, nao ni wengi. Kweli, lakini mstari wa kalamu hausomwi kwa elimu ya kompyuta, na uwazi hautaki kila mtu ahakiki. Unataka asiwepo anayezuiwa kuhakiki. Mganga akisema ameoneshwa usiku, jirani mwenye shaka hana pa kuanzia.

Sheria ya Uchawi ya Tanzania, ya tangu mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtuhumu mwenzake uchawi pasipo kupeleka shauri kwa mamlaka, lakini sheria hufika kijijini ikiwa imechelewa, na panga huwahi. Wanaoweza kuwahi ni wazee wa ukoo, sungusungu, mashehe na wachungaji wa hapohapo Mwandoya. Ndugu zangu, tuhuma ikiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza mlalamikaji amepima nini, na kama mtuhumiwa anaweza kukipima naye. Akikosa jibu, mrudisheni nyumbani, kisha nendeni mkaketi dakika chache kwenye jiko la yule bibi.