Je, uongozi unarithiwa kama shamba?



Huku Meru bado utasikia mtu akijitambulisha, "Sisi ni wa ukoo wa Kaaya," yaani ukoo uliotoa Mamangi. Umangi ulifutwa mwaka 1963, ila heshima ya jina ipo. Sina shida nayo. Mangi Lobulu alinyongwa na Wajerumani kule Moshi mwaka 1900. Jina la namna hiyo hulitupi tu.

Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba sheria ipo kwa manufaa ya wote, siyo ya nyumba moja. Naye, ujue, alizaliwa katika ngome ya kikabaila kule Roccasecca, Italia. Ndugu zake walimfungia karibu mwaka mzima asijiunge na Wadominiko, watawa wa kuombaomba!

Sasa tazama mwaka 1951. Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Aliyekwenda New York mwaka uliofuata kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa hakuwa Mangi. Alikuwa Kirilo Japhet, na safari yake ilitokana na michango ya wananchi. Hakurudi na ardhi. Hata hivyo mimi nasema siku ile mamlaka ya Meru yalikuwa kinywani mwake.

Kwenye uchaguzi wa viongozi wa vijana parokiani bado tunasikia, "Tumpe huyu, baba yake ni mwenyekiti." Yule dada anayefagia ukumbi kila Jumamosi hatajwi kabisa.